Tulifunga Wawili Hadi Saa Sita

Mimi si mtu wa kufunga. Nilikulia katika nyumba ya Kikatoliki ambamo Kwaresima ilimaanisha kuacha nyama siku ya Ijumaa na kula sambaza, dagaa wa ziwa letu, badala yake, tena sambaza wa kukaangwa, na tukaona Mungu ametuelewa. Kwa hiyo daktari aliponiambia nianze kukaa masaa kumi na sita kila siku bila kula, nilimuuliza kama hakuna vidonge. Akacheka. Alisema vidonge viko, ila sukari yangu imefika mpakani na haijavuka, na mtu wa mpakani bado anaweza kurudi nyuma kwa miguu yake mwenyewe.

Nilikuwa na miaka hamsini na sita. Daktari alinieleza taratibu, kama mwalimu aliyepata mwanafunzi mzito. Mwili unaokula kutwa nzima haupati nafasi ya kutumia kile ulichojiwekea, mafuta yanajaa tumboni na kwenye ini, na sukari inabaki ikizunguka katika damu bila kazi. Ukiuacha na njaa ya kiasi kila siku, unaanza kula akiba yake. Nile kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku, kisha basi. Baada ya hapo ni maji tu, au chai isiyo na sukari wala maziwa. Alinionya pia kwamba jambo hilo si la kila mtu. Anayetumia dawa za sukari asijaribu bila kumuuliza daktari wake, na mzee ambaye mwili umekwisha kupungua asijaribu kabisa, maana atapoteza hata nguvu kidogo alizobakiwa nazo. Onyo hilo nililisikia kwa sikio moja, kwa sababu mimi sikujihesabu mzee.

Nilikubali kwa ajili ya mama yangu mzazi. Sukari ilimla polepole: kwanza macho, halafu kidole cha mguu, halafu mguu wenyewe chini ya goti. Miaka yake ya mwisho aliimalizia kitandani kwangu hapa mtaani Nyalukemba, akiuliza kila asubuhi ni nani ameingia, hata nilipokuwa nimesimama mbele yake. Sikutaka watoto wangu waje waniogeshe. Nilitaka kuzeeka kama mama mkwe wangu, aliyekuwa na miaka themanini na kitu na bado alikuwa akipanda mwenyewe kwenda misa ya kwanza kule kwake Kasha, kisha anarudi na kushika jembe. Nilimwonea wivu yule mama. Alikuwa anakula viazi vitamu alfajiri na kutia sukari ya kutosha kwenye chai, na hakuna kilichomuuma.

Basi nikaanza. Wiki ya kwanza nilikuwa mtu mbaya. Mimi ni sekretere katika chuo kimoja cha hapa mjini, na wenzangu wa ofisi walijifunza kutoniuliza kitu kabla ya saa sita. Mandazi ya mama anayeuza getini yalikuwa yananifikia orofa ya pili kwa harufu kabla yeye mwenyewe hajatua beseni. Mume wangu alilalamika kwamba anakunywa chai ya asubuhi peke yake kama mgane. Alikuwa anatafuna kwa sauti makusudi, nikawa naondoka kwenda kazini mapema nisije nikagombana naye.

Wiki ya tatu njaa ikanyamaza. Haikuisha, ilinyamaza tu, nikawa nafika saa sita bila kutazama saa. Magoti yakaacha kunisumbua kwenye ngazi. Sketi zikaanza kuzunguka kiunoni, na nilipokwenda kupima, daktari aliniambia niendelee hivyo hivyo. Nilijisikia mshindi, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kujisifu, nilimwambia mume wangu kila siku hadi akachoka.

Lakini katika mji wetu mtu hakondi bure. Tangu vita viufikie mji, banki zifungwe na njia ya kuteremka uwandani ikatike, kila anayepungua mwili anatazamwa kwa jicho la kumpima: je, kwake kumekwisha kukauka, au anaumwa, au kuna aliyemfanyia kitu? Majirani walianza kunisalimia kwa sauti ile ya kwenye matanga. Mmoja aliniletea sahani ya sombe, majani ya mihogo, jioni, akasema wamepika nyingi. Niliipokea na kumshukuru, kisha nikaingia ndani nikiwa nimekasirika.

Tena mimi nilikuwa na sababu ya kukonda iliyojulikana na wote. Mwanangu wa pili ni agronoma, mtaalamu wa kilimo. Alikuwa akifanya kazi na wakulima wa mpunga Luberizi, kule chini kwenye uwanda wa Ruzizi. Mapigano yalipowakaribia, alitupigia simu kusema wanahama, na simu ikakatika kabla hajasema wanahamia wapi. Tangu siku hiyo namba yake ilikuwa haipiti. Kumfuata hakukuwezekana. Sisi tulikuwa tumefungiwa huku juu, yeye kule chini, na katikati palikuwa na barabara ambayo kila mtu alikuwa na habari zake ingawa hakuna aliyekuwa ameipita. Nilifanya ninachojua kufanya. Nilipiga namba ile asubuhi na jioni, nikaenda kazini, nikarudi, nikaipiga tena.

Lazima niseme ukweli hapa, kwa sababu bila huo haya mengine hayaeleweki. Kufunga kwangu hakukuhusiana na mtoto hata kidogo. Nilianza kabla hajapotea. Niliposali nilimwombea, kama mama yeyote, lakini asubuhi nilipokuwa naikataa chai nilikuwa nafikiria mguu wangu.

Zamani tulikuwa tunakwenda kumwamkia mama mkwe Jumapili alasiri, wakati ambao ninaruhusiwa kula, na hakujua lolote. Siku hizi watu wanapenda kuwa wamekwisha kurudi makwao mapema, kwa hiyo ziara ikahamia asubuhi. Jumapili ya kwanza ya utaratibu huo tulifika saa tatu. Mume wangu alibaki nje kutazama bati lililokuwa limeng'oka, mimi nikaingia. Yule mama aliniwekea kikombe cha chai ya maziwa, sukari imekwisha kutiwa, na sahani ya viazi vitamu vilivyokuwa bado vinafuka moshi.

Nikashukuru, nikasema nitakunywa baadaye. Akanitazama. Nikasema tumbo haliko vizuri. Akanitazama tena, kutoka usoni hadi kwenye mifupa ya mabega, kisha akafanya jambo ambalo katika miaka thelathini ya ndoa yangu hakuwahi kunifanyia. Alichukua kikombe changu, akanywa funda moja mbele yangu, akakirudisha mahali pake. Akavunja kiazi kwenye sahani yangu na kula kipande.

"Kunywa tu," akasema. "Haina kitu."

Kwetu hakuna asiyejua maana ya hilo. Anayetoa kasigisi, pombe yetu ya ndizi, huionja kwanza ili wageni wajue hakuna sumu. Chakula huonjwa mbele ya mtu unayehisi kwamba anakuogopa. Mama hamwonjei mke wa mwanawe, ila awe ameona kwamba huyo mke anamdhania muuaji.

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Ningeweza kulitaja neno sukari, lakini neno hilo lina historia yake kati yetu. Walipokuja kuniposa, ni yeye aliyeuliza kama ni kweli kwamba kwetu kuna watu waliokatwa miguu, na wazee wangu wakakana. Mama yangu alipokatwa wake tulisema ni kidonda kilichokataa kupona, jambo ambalo ni nusu ya ukweli. Sasa nilitoe mezani, mbele ya mtu aliyetoka kunionjea chai? Nilitafuta maneno mengine haraka, na yaliyokuwa karibu ni haya.

"Nafunga, maman. Ni juu ya mutoto."

Uso wake ulibadilika palepale. Alinishika mikono yote miwili, akaniomba msamaha kwa vile alivyokuwa amenifikiria. Aliuliza nafunga hadi saa ngapi, nikamjibu hadi saa sita ya mchana. Akaondoa kikombe na sahani, akavipeleka jikoni na kuvifunika. Halafu akarudi, akaketi karibu nami kwenye kiti kirefu, magoti yetu yakigusana.

"Basi tuko babili," akasema, yaani tuko wawili.

Sikumwelewa siku ile. Niliona nimeponea, na njiani nilimsimulia mume wangu nikicheka. Yeye hakucheka sana.

Jumapili iliyofuata tulikuta mbabula, jiko lake la makaa, imelala baridi, hakuna chai, hakuna kiazi. Tuliketi tukazungumza habari za mihogo hadi kengele ya saa sita ilipolia parokiani, ndipo akajifanyia ishara ya msalaba na kuwasha moto. Hapo nikafahamu. Alikuwa amefunga tangu jana yake, na siku iliyotangulia, na wiki nzima. Kwao, mtu akifunga kwa ajili ya mtoto wa ukoo haachwi peke yake. Wanamshika mkono, kama unavyomsaidia mwenye mzigo mlimani kwa kuchukua upande mmoja. Tena yeye hula chakula cha jioni mapema, kabla ya giza, kiasi cha kujaza kiganja. Mimi nilikuwa nakaa masaa kumi na sita na chai yangu ya rangi. Yeye alikuwa anakaa kumi na tisa bila hata maji, na alikuwa mtu mwembamba tangu mwanzo. Sasa lile onyo la daktari nikalisikia kwa masikio yote mawili.

Nilianza kutafuta njia ya kutoka. Nilimwambia kwamba Kanisa haliwalazimishi wazee kufunga. Akasema anajua, na kwamba hakuna aliyemlazimisha. Nilimwendea padri wao kwa siri, nikamwomba azungumze naye, na padri akaenda, mtu mwema. Nasikia mama mkwe alimsikiliza kwa heshima yote, akampa kiti kizuri, kisha akamwambia kwamba padri hana mjukuu.

Mwezi ulipopita nguo zake zilianza kumning'inia. Watu wa parokia walimwambia mume wangu kwamba mama yake anakaa chini mara mbili njiani kabla ya kufika misani. Jembe lilikuwa limesimama ukutani na buibui wamejenga juu yake. Nilimbana mume wangu, nikamwambia ni mama yako, zungumza naye wewe, mwambie ukweli. Alikataa. Alisema nikimwambia kwamba hakuna aliyekuwa anamfungia mtoto, nitakuwa nimempotezea mjukuu mara ya pili. Nikamuuliza, basi nimwache afe? Akavaa koti, akatoka nje mvuani bila pa kwenda. Nilimchukia siku ile, hasa kwa sababu mimi ndiye niliyeutengeneza uongo na yeye alikuwa ameukuta tu.

Nikaamua kumaliza kwa vitendo. Jumapili moja nilibeba mkate. Tulipofika nilikaa mezani kwake saa tatu kamili, nikakata kipande, nikala huku akiniona, nikamwambia kwamba nimemaliza kufunga. Macho yake yaliwaka kiasi kwamba nilitamani kuutema ule mkate.

"Amepiga?" akauliza.

"Bado."

"Sasa umemaliza nini?"

Niliuweka mkate mezani. Yeye wala hakunilaumu. Alisema nimechoka, ni haki yangu, mama wa mtoto huchoka kabla ya wengine, nipumzike na yeye atanishikia nafasi. Nilipomsogezea kipande aligeuza uso kidogo, kwa adabu, kama mtu aliyeshiba. Kesho yake asubuhi, mbele ya chai ambayo sasa ningeweza kuinywa, nilishindwa. Nikarudi kufunga. Sijui nilikuwa nafunga kwa ajili ya nini wiki zile. Nilijua tu kwamba sitaweza kula wakati yeye ana njaa kwa niaba yangu.

Katikati ya hayo niliitwa kupima tena. Sukari ilikuwa imeteremka kuliko wakati wowote, na shinikizo la damu pia. Daktari alifurahi, akasema ninazeeka vizuri, akaniomba nizungumze na wagonjwa wengine ili nao wajaribu. Nilimwambia sina muda. Nilitoka mle ndani kama mtu aliyeiba, nikateremka hadi barabarani, nikasimama pale bila kujua niende wapi. Nikipanda kwenda nyumbani kuna mume asiyenisemesha, nikienda Kasha kuna yule mama. Mji wenyewe hauna mlango mwingine.

Siku ya Jumanne jirani yake alinipigia simu ofisini. Mama mkwe alikuwa ameanguka mbele ya jiko lake. Nilipofika walikuwa wamemlaza kwenye mkeka, mdomo wa juu umepasuka kidogo, mifupa yote mizima. Muuguzi wa jirani alikuwa amekwisha kumtazama, akasema hakuna ugonjwa, ni njaa, apewe chakula chepesi sasa hivi. Nikawasha moto mwenyewe, nikapika uji wa mtama, nikaupoza, nikauleta. Ilikuwa bado saa sita haijafika. Yule mama alitazama kwanza jua mlangoni, kisha akafumba mdomo.

Nikamwambia. Nilisema yote bila kupumua: sukari, mguu wa mama yangu, uongo wa wazee wangu siku ya posa, daktari, masaa kumi na sita, na kwamba nilianza kabla mtoto hajapotea. Nilisema kufunga kwangu hakukuwa na nia yoyote, hata siku moja, kwa hiyo hakuna cha kushikilia na anywe uji. Nilikuwa tayari kufukuzwa, na kutukanwa, na kurudishwa kwetu katika umri wangu huu, mradi anywe.

Hakukasirika. Aliutazama ule uji. Halafu akasema, bila kunitazama:

"Basi siku yote ile nilikuwaka miye peke yangu."

Nikamsogezea bakuli karibu zaidi.

"Asubui njaa ikinishika, nilikuwa nasema, na yeye kule Nyalukemba inamushika. Ilikuwa inanisaidia." Akalisukuma bakuli kwa mgongo wa mkono, polepole, uji usimwagike. "Kama weye haukukuwa unafunga juu yake, miye naacha namna gani?"

Nimewahi kuogopa maishani, hasa miaka hii, lakini sidhani nimewahi kuogopa kama pale sakafuni. Nilikuwa nimeutoa ukweli ili umfungue, na nikaona umemfunga zaidi. Ningeweza kumwekea uji pale nikaondoka, naye angekaa akiutazama hadi kengele ilie, leo na kesho, hadi siku ambayo asingeamka kuisikia. Nikamshika mkono. Ulikuwa mwepesi kama fimbo ya kuchochea moto.

"Unipatie miye," nikasema. "Kuanzia leo nachukua. Weye kula."

Akanigeukia kwa mara ya kwanza. Aliniuliza kama ni ya kweli, nikasema ya kweli. Aliniuliza kama nitafunga hata ile sukari ikipona, nikasema hata ikipona. Kisha akauliza lile ambalo nilikuwa nalingoja.

"Mupaka mutoto apige?"

Nilijua ninachoulizwa. Daktari alikuwa amenipa saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na ruhusa ya kuacha siku nikitaka. Huyu alikuwa ananipa asubuhi zote zilizobaki, na huenda simu ile isilie kamwe. Nililijua hilo, na yeye alilijua, na hakuna kati yetu aliyelisema.

"Mupaka apige," nikasema.

Akafungua mdomo. Nilimlisha kijiko kwa kijiko, naye kila alipomeza alikuwa ananitazama mkono, kuhakikisha kwamba kijiko hakipiti kinywani mwangu. Alimaliza bakuli lote na kuomba jingine. Tangu siku hiyo anakula alfajiri kama zamani, na amerudi shambani.

Namba ya mwanangu bado haipiti. Leo asubuhi pia sijala.